Wekundu wa achari

Leo jioni kwenye feri ya Likoni, binti yangu wa miaka 12 alikuwa akimalizia The Giver, riwaya ya Lois Lowry ya 1993.

Jonas, mvulana wa rika lake, anaishi katika jamii isiyo na vita wala njaa.
Wala rangi.
Siku moja tufaha analorusharusha linambadilikia machoni, na hajui kwamba ule ni wekundu.

Binti yangu akafunga kitabu. Akatazama vidole vyake, vimekolea achari ya embe.
Akavitazama weee.

"Mama, walikubali vipi kupokonywa hii?"

Nilikosa jibu. Nikamshika mkono, achari ikanipaka na mimi.
Mpaka sasa sijanawa.

Jamani, nyinyi mngemjibuje?