Okidi za chupani: chumvi nusu, mwanga wa kadiri

Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula. Porini hulishwa na kuvu; ndiyo maana mtaalamu wa mimea Lewis Knudson, mwaka 1922, aliziotesha chupani kwa sukari, bila kuvu. Kwa okidi aina ya Phalaenopsis, anza na chumvi za Murashige na Skoog (mchanganyiko wa madini ya kukuzia mimea chupani) nusu kipimo, sukari gramu 20 na agari (unga wa mwani wa kugandisha) gramu 7 kwa lita. Pima pH (kipimo cha uasidi) iwe 5.6 kabla ya kuua vijidudu kwa mvuke wa presha. Ikishuka mno, agari haigandi, na miche inazama.

Taa iwake saa 16 kwa siku. Majani yakirefuka na kupauka, sogeza taa karibu. Yakiwa mekundu ukingoni, huenda mwanga umezidi. Mizizi ikizungukwa na ukahawia, usisubiri: hamishia miche kwenye chakula kipya chenye gramu 1 ya mkaa amilifu (mkaa unaonyonya uchafu huo) kwa lita.