Kampuni ya meli ilipotuomba tubadilishe safari

Barua pepe ya kampuni ya meli ilitufikia tukiwa tumeshamaliza kulipa. Safari yetu ilikuwa ya Julai, ya siku tano, kutoka bandari ya Galveston, Texas, hadi Cozumel na Costa Maya huko Mexico, kisha kurudi. Tulikuwa watu watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, na Mama, aliyekuja Houston kututembelea kutoka Mombasa. Barua ilieleza kwamba vyumba vya aina tuliyochukua vimeuzwa kupita vilivyopo. Tukikubali kuhamia Septemba, njia ileile, tungerudishiwa nusu ya nauli na kupewa dola 200 za kutumia melini. Au tuhamie safari ya siku saba ya Agosti inayopitia visiwa vya Jamaica na Cayman, bila kuongeza hata senti, lakini bila kurudishiwa chochote. Atakayewahi ndiye atakayepata, na mwisho wa kujibu ni kesho yake saa kumi na moja jioni.

Mume wangu aliisoma akasema, "Nusu ya nauli! Wajibu sasa hivi." Nusu ya nauli ni pesa nyingi kwa watu wanaolipa kodi ya nyumba na kutuma nyumbani kila mwezi, na sikumlaumu. Ila mimi hukaa macho nikiharakishwa. Nikamwomba anipe usiku mmoja.

Kwanza nilitaka kujua kwa nini meli inauza vyumba isivyonavyo. Kampuni hizi zinajua kila safari ina watu watakaoghairi dakika za mwisho, kwa hiyo zinauza zaidi kidogo, hasa vile vyumba vya bei nafuu ambavyo mteja anachagua aina tu na kampuni inampangia nambari baadaye. Chetu chenye roshani kilikuwa cha namna hiyo. Halafu meli haihesabu vitanda peke yake. Kila chumba kina kituo chake cha dharura, na kila kituo kina idadi ya watu ambao maboti yake ya uokoaji yanaweza kubeba. Katika miezi ya likizo, familia zinapojaza watatu na wanne kwenye chumba, hesabu hiyo hujaa mapema. Watu wasipoghairi kama ilivyotarajiwa, ndipo barua kama yetu inapotumwa.

Na hapa meli si kama ndege. Ndege ikikuacha uwanjani Marekani kwa sababu imeuza viti kupita kiasi, kuna sheria inayotaja fidia yako. Kwenye meli unabanwa na masharti ya tiketi, yale maandishi madogo tunayoyakubali bila kuyasoma, na masharti hayo yanaipa kampuni nafasi kubwa ya kukuhamisha. Kanuni za serikali zinakulinda zaidi pale safari inapofutwa au kucheleweshwa siku tatu au zaidi. Hapo unaweza kudai pesa zako. Barua kama yetu inabaki mazungumzo kati yako na wao. Nililiona hilo kuwa jambo jema, maana mazungumzo yana pande mbili.

Usiku ule nikachukua daftari. Chumba chenye roshani, cha Mama, mimi na binti yetu, nauli yake ilikuwa dola 2,600. Chumba cha ndani kisicho na dirisha, cha mume wangu na kijana wetu, dola 1,500. Kodi na ushuru wa bandari vilikuwa kando, na nusu waliyoahidi haikuvigusa. Kisha nikaingia kwenye tovuti yao kama mteja mgeni, nikatafuta safari ileile ya Septemba wanayotaka twende. Chumba chenye roshani kwa watu watatu kilikuwa kinauzwa dola 1,700. Cha ndani kwa wawili, dola 1,000.

Nikaelewa. Mtu anayenunua leo analipa 1,700. Sisi tukihama na nusu yetu ikirudi, tutakuwa tumelipa 1,300. Ile 1,300 inayong'aa kwenye barua, 900 yake ni tofauti ya msimu tu: watoto wamerudi shule, meli hazijai, bei zimeshuka. Zawadi yenyewe ni dola 400, na zile 200 za melini.

Halafu nikatazama nambari ya bukingi iliyoandikwa kwenye barua. Ilikuwa moja, ya chumba chenye roshani. Vyumba vya ndani havikuzidi, kwa hiyo mume wangu na kijana wetu hawakuitwa. Asubuhi nikapiga simu kuuliza, na yule dada wa huduma kwa wateja akathibitisha: chumba cha pili kinaweza kuhama kwa ombi letu, kwa bei tuliyokwisha kulipa, bila fidia. Maana yake tungelipa 1,500 kwa chumba ambacho jirani yangu angekipata kwa 1,000. Toa hizo 500 kwenye 600 za juu, inabaki dola 100. Dola 100 kwa watu watano, ili tuhamishe safari nzima kutoka Julai kwenda Septemba. Ningekuwa nimejibu jana yake ningekuwa nimekubali kwa furaha jambo ambalo sijalijua.

Lakini pesa peke yake isingeniamulia. Safari hii ilikuwa ya Mama. Alifika mwezi wa tano, na tiketi yake ya kurudi kupitia Doha ilikuwa ya mwisho wa Agosti, kwa sababu ana mambo yake Mombasa yanayomngoja na hapendi kukaa sana mbali na nyumba yake. Kwenda Septemba ni kubadilisha tiketi ya ndege, kuongeza bima ya afya ya mgeni, na kuwatoa watoto shule wiki za mwanzo za muhula.

Ile ya siku saba ya Agosti ndiyo iliyokuwa ikimvuta mume wangu baada ya Septemba kukataa hesabuni. Siku mbili zaidi bure! Sisi wanne tuna pasipoti za Marekani. Mama ana ya Kenya. Safari yetu ya kwanza tuliichagua makusudi: vituo vyake vyote viko Mexico, na Mexico inampokea mtu mwenye viza halali ya Marekani bila kumdai viza nyingine. Mama ana viza ya Marekani ya kuingia mara nyingi, kwa hiyo kutoka na kurudi Galveston hakuna tabu. Ukiongeza Jamaica na Cayman unaongeza mamlaka mbili, kila moja na kanuni zake kwa pasipoti ya Kenya. Na karani wa bandarini hajali kwamba hutashuka. Pasipoti yako isipokidhi masharti ya kituo kimojawapo, anaweza kukuzuia kupanda, na pesa hairudi. Jambo kama hilo haliamuliwi kabla ya saa kumi na moja jioni. Tukaiondoa.

Mchana nikamweleza Mama. Alikuwa jikoni anakuna nazi, maana ya kopo haitaki, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Nilitarajia aulize bei. Akauliza, "Huko mwezi wa tisa ni upepo gani?"

Marehemu babu, baba yake Mama, alikuwa baharia wa majahazi yaliyobeba boriti kutoka Lamu kwenda Ghuba ya Uajemi. Walitoka na kusi changa, yaani upepo wa kusini unapoanza, kabla halijachafuka, na waliokosa wakati wao walingoja. Kwa Mama, kupanga safari ya bahari ni kuuliza msimu kwanza, na mimi, niliyezaliwa Mombasa, nilikuwa nimeanzia kwenye daftari la hesabu.

Nikamweleza. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki na Ghuba ya Mexico unaanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Kimbunga Ike kiliipiga Galveston tarehe 13 Septemba 2008. Sikumficha kwamba Julai nayo si salama kabisa. Kimbunga Beryl kilitufikia Texas tarehe 8 Julai 2024, na sisi wa Houston tunakumbuka vizuri ule umeme uliokatika na joto lile. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mwezi unaoweza kuleta tufani na mwezi unaozileta zaidi kuliko yote. Meli yenyewe kwa kawaida hukwepa. Nahodha anabadilisha njia, kituo kinaachwa, au bandari inafungwa na mnarudi siku moja au mbili baadaye. Kwa watu wenye nafasi hilo ni usumbufu tu. Kwa Mama, mwenye ndege ya kuunganisha, lingekuwa tatizo jingine kabisa.

"Basi mwanangu, mbona wanakurudishia nusu, hujajua?" akasema. "Waambie la, kwa adabu."

Niliwaambia la, kwa adabu, saa moja kabla ya muda kwisha. Nikaongeza mambo mawili kwa maandishi. La kwanza, kwamba tuko tayari kuhama iwapo kuna nafasi Julai au mwanzoni mwa Agosti, njia hiyohiyo, vyumba vyote viwili pamoja. La pili, kwamba naomba chumba chetu kipewe nambari mapema iwezekanavyo. Mwenye nambari ya chumba amesimama imara zaidi kuliko mwenye ahadi ya aina ya chumba, na barua ilisema uhamaji ni wa hiari lakini haikusema wasipopatikana wa hiari itakuwaje.

Nambari hawakunipa. Nilikaa na wasiwasi, nakiri, kwa sababu Mama alikuwa ameshawaambia dada zake wote. Ila wiki iliyofuata simu ililia, na mara hii alikuwa mtu wa idara iliyotuma barua, ameona nilichoandika. Alikuwa na safari inayofuata ya njia ileile, inayong'oa nanga Jumatatu, siku tisa baada ya yetu. Nusu ya nauli ya chumba chenye roshani inarudi, na dola 150 za melini.

Nikafungua tovuti nikiwa naye kwenye simu. Chumba kama kile, Jumatatu ile, kilikuwa dola 2,500. Karibu sawa na tulicholipa! Kwa hiyo nusu ya sasa ilikuwa nusu kweli. Tarehe iko ndani ya likizo ya watoto, mbali na ndege ya Mama, vituo ni vilevile vya Mexico. Nikamuuliza chumba cha pili. Akaomba dakika, akarudi: kitahama bila gharama yoyote, pamoja na dola 100 za melini. Niliomba na chenyewe kipate nusu. Hilo alikataa na sikung'ang'ania. Niling'ang'ania mengine. Vyumba viwe ghorofa moja na karibu na lifti kwa sababu ya magoti ya Mama, na nambari zake nizione. Pesa irudi kwenye kadi niliyolipia, isiwe vocha ya safari ijayo, kwa kuwa vocha ina mwisho wake na Mama akisharudi Mombasa haina faida kwake. Na yote aniandikie kwenye barua pepe kabla sijasema ndiyo.

Barua ilikuja jioni. Mume wangu alishapatana na mwenzake wabadilishane zamu. Tukakubali.

Wengi hudhani kazi inaishia hapo. Ukihamishwa, bukingi ya zamani inafutwa na mpya inaanza karibu tupu. Matembezi ya Cozumel tuliyolipia kabla yalirudishwa na ikabidi tuyanunue tena, kwa bei ya siku hiyo. Bima ya safari ilikuwa na tarehe za zamani. Nilipiga simu wakazibadilisha bila malipo, lakini wasingejua wenyewe. Ombi la kiti cha magurudumu bandarini lilikuwa limehama. Ombi la chakula cha halali halikuhama, na niligundua kwa sababu tu nilipitia ukurasa mmoja mmoja wa bukingi mpya nikiulinganisha na wa zamani. Chakula cha namna hiyo huombwa mapema, meli haijapakia bidhaa zake, hivyo nililiomba upya siku ileile nikataka jibu la maandishi. Melini, mhudumu wa meza yetu alimletea Mama orodha ya kesho kila usiku achague, na Mama akachagua samaki karibu kila mara.

Pesa ilirudi kwenye kadi kwa mafungu mawili, la pili baada ya mimi kupiga simu kuwakumbusha. Roshani yetu ilikuwa upande wa kulia, hatua chache kutoka kwenye lifti. Tuliporudi Galveston, afisa wa uhamiaji alimuuliza Mama anarudi Kenya lini, naye akatoa mkobani tiketi yake ya Agosti, ileile aliyokuja nayo.