Sheffield walimjali mfua chuma hadi bia yake, leo tunakatwa hela ya maji

Karatasi ya mshahara imekuja na makato tena. Safari hii ni muda niliotoka mbele ya tanuru kwenda kunywa maji. Wakala aliyeniajiri anasema maji yanywewe wakati wa mapumziko, na mapumziko hayalipwi. Kazi yenyewe ni ya kukamua shati ukitoka. Nimeumia, hasa kwa kuwa haya yananikuta Sheffield, mji wa chuma hapa Uingereza, ambao zamani ulijua fika jasho la mtu lina gharama.

Wazee wa hapa waliostaafu kwenye chuma wanasimulia vijana walivyotumwa baa kuwaletea bia watu wa tanuru, zamu ikiendelea. Bia yao ilikuwa Stones, iliyoanza kupikwa 1948 kwenye kiwanda cha Cannon, ikilengwa wafua chuma wa bonde la mto Don. Vita vilikwisha 1945, lakini 1948 Uingereza ilikuwa bado kwenye mgao wa chakula. Nyama ilipimwa kwa kadi hadi 1954! Waliopanga foleni duka la kaya Tanzania miaka ya themanini mwanzoni wananielewa.

Mgao ulianza Januari 1940 kwa siagi, sukari na bekoni. Bia haikuwekwa kwenye kadi. Kodi ilipanda, bia ikawa nyepesi, na kuna siku baa iliishiwa, lakini serikali haikuthubutu kumnyima mtu wa kazi nzito. Wachimba makaa walipata jibini ya ziada, kwani chini ya ardhi hakuna kantini. Viwanda vya vita vyenye watu zaidi ya 250 viliweza kulazimishwa kufungua kantini, na kantini za kazi nzito zilipewa nyama zaidi.

Hawakufanya hivyo kwa huruma tu. Kiwanda cha Vickers hapa kilikuwa na nyundo ya tani 15 iliyofua krenkishafti (vyuma vinavyozunguka ndani ya injini) za injini za Merlin, zile za ndege za kivita za Spitfire. Desemba 1940 Wajerumani waliupiga mji huu mabomu usiku mbili, watu zaidi ya 600 wakafa, na kazi ikaendelea. Wanawake waliingia viwandani kushika nafasi za wanaume, kisha amani ilipokuja wakaambiwa warudi nyumbani. Sanamu yao pale uwanja wa Barker's Pool imekuja kusimamishwa 2016 tu. Hilo nalo linaniuma.

Sisemi pombe ni dawa. Vita vya kwanza vya dunia, Lloyd George, waziri wa serikali ya Uingereza, aliiona ni adui, baa zikaanza kufungwa mchana, na utaratibu huo ukadumu hadi 1988. Na painti moja ya bia hapa leo (zaidi kidogo ya nusu lita), kwa bei yake, mtu wa Sinza, Dar es Salaam, anakunywa na kumnunulia jirani wa meza. Ninachodai mimi ni maji.

Kwa hiyo ninyi mnaotafuta viza ya kuja kufanya kazi Uingereza, msidanganywe na kiwango cha mshahara kwa saa. Sheria inakupa dakika 20 za kupumzika ukifanya kazi zaidi ya saa 6, lakini haimlazimishi mwajiri azilipe. Maji ya kunywa lazima yawepo kazini. Kiwango cha juu cha joto hakijawekwa kisheria. Ulizeni kuhusu mapumziko kabla ya kusaini, jibu liwe kwa maandishi, na mkifika jiungeni na chama cha wafanyakazi wiki ile ile. Mimi malalamiko yangu yako kwa mwakilishi wa chama tangu Jumatatu.