Windows 10 imefika mwisho, kompyuta ya nyumbani ihamie wapi?

Septemba 2025

Kompyuta yetu ni HP EliteBook 840 G3, mojawapo ya zile zinazoingia nchini zikiwa zimeshatumika maofisini Ulaya na kuuzwa Kariakoo. Prosesa ni Core i5-6300U, RAM GB 8, SSD ya GB 256. Kibodi bado nzuri, skrini haina doa, betri inashikilia vya kutosha umeme ukikatika jioni. Inatumiwa na watu watatu: mke wangu mwenye duka la vitambaa na ushonaji hapa Morogoro, binti yetu wa kidato cha tatu, na mimi mwalimu wa hisabati.

Kilichonifanya nianze kuandika kumbukumbu hizi ni tarehe moja. Ifikapo 14 Oktoba 2025 Microsoft inaacha kutoa masasisho ya usalama ya Windows 10. Windows 11 nayo, kwa masharti yake rasmi, inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana. Yetu ni kizazi cha 6. Inawezekana kuilazimisha kwa programu ya Rufus, ambayo inaruka ukaguzi huo wakati wa kutengeneza flashi, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Sioni maana ya kukimbia mfumo usio na masasisho kwenda kwenye mfumo usio na uhakika wa masasisho.

Kununua nyingine ni hela ambayo mwaka huu ina kazi nyingine, na mashine hii ni nzima. Kuiweka pembeni kwa sababu ya orodha ya prosesa kunaniuma, nasema kweli.

Fundi wa mtaani alipendekeza anipigie Windows 11 ya kuchakachua kwa bei ndogo. Nimekataa. Zile programu za kuiamsha leseni karibu zote zinakutaka uzime antivairasi kwanza, kisha uipe ruhusa zote programu usiyojua imeandikwa na nani. Humo ndani mna hesabu za duka na mitihani ambayo wanafunzi wangu hawajaifanya.

Kwa hiyo imebaki Linux, mfumo endeshi wa bure usio wa Microsoft, au kuongeza muda wa Windows 10. Nimesoma mabishano mengi kuhusu upi ni bora, na mengi yanazungumzia kasi na sura. Mimi nimeamua kuanza kwenye daftari: kila mtu wa nyumba hii anafanya kazi gani, na kazi ipi ikisimama tutaumia.

Ya binti ni nyepesi: kivinjari, mitihani ya miaka iliyopita kwenye PDF, video za masomo, na Python anayojifunza. Yangu ni nyaraka za Word zenye milinganyo, ambazo huzunguka kati ya walimu wa idara, na kuchapa. Ya mke wangu ndiyo ngumu. Ana programu ya mauzo na stoo iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows tu, yenye miaka mitatu ya kumbukumbu za wateja na vipimo vyao. Mambo ya kodi ya TRA anayamaliza kwenye kivinjari, hayo hayana shida popote. Stoo ndiyo itakayoamua.

Mwishoni mwa Septemba: kuonja kabla ya kumeza

Katika aina nyingi za Linux nimechagua Linux Mint 22.2, toleo la Cinnamon. Imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, aina nyingine ya Linux, na itapata masasisho hadi 2029, muda ambao kwangu unatosha. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, madirisha yanafungwa kwa alama ileile ya X. Mtu anayetoka Windows hapotei. Kuna toleo la Xfce pia, jepesi zaidi. Mwenye RAM GB 4 au pungufu aanzie huko.

Faili la usakinishaji (ISO) linakaribia GB 3, nimelipakua usiku kwa bando la usiku. Kabla ya kuliandika kwenye flashi nimelikagua kwa sha256sum: unalinganisha mfuatano wa herufi na tarakimu unaoupata na ule uliochapishwa kwenye tovuti ya Mint. Zikitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika njiani au limechezewa. Wengi huruka hatua hii. Kwa intaneti yetu inayokatika katikati ya upakuaji, mimi siiruki.

Flashi ikishakuwa tayari, kwenye HP hii unabonyeza F9 wakati wa kuwasha na kuchagua iwake kutoka kwenye flashi. Mint inafunguka nzima bila kugusa diski. Hapa ndipo ninapomsihi kila anayefikiria kuhama akae kwa muda, maana hakuna kinachoharibika. Nimejaribu Wi-Fi, imeshika papo hapo kwa kuwa kadi ni ya Intel. Sauti ipo, kamera ipo, mwanga wa skrini unapanda na kushuka, na ukifunga kifuniko mashine inalala na kuamka vizuri. Printa yetu ya Epson ya wino wa chupa imetambulika nilipochomeka waya, na ukurasa wa kwanza ukatoka. Kisoma alama za vidole hakikutambulika. Hatukuwa tunakitumia, nimekiandika tu.

Kwa wenye mashine ambayo kadi yake ya Wi-Fi haishiki (zipo, hasa zenye kadi za Broadcom): chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti. Karibu kila mara Linux inaipokea kama waya wa mtandao, kisha kupitia hapo unapakua draiva inayokosekana.

Oktoba: kugawa diski

Uamuzi ni kuweka mifumo yote miwili kwa sasa. Kwanza nimenakili kila kitu kwenye diski ya nje, na kanzidata ya stoo nimeinakili mara mbili, moja ikakaa dukani.

Ndani ya Windows nilifanya mambo matatu kabla ya kugusa flashi. Nilihakikisha BitLocker, ufunguo wa Windows unaoifunga diski, haijawashwa. Nilizima Fast Startup, ambayo inafanya Windows isizime kabisa bali ijilaze, na hapo Linux inakataa kuandika kwenye patisheni ya Windows, yaani kipande chake cha diski, kwa sababu inaiona bado iko mikononi mwa mwingine. Mwisho nilipunguza patisheni ya Windows kwa kifaa chake chenyewe cha Disk Management hadi ikabaki na GB 100. Kuipunguza kutoka upande wa Linux kunawezekana, ila naamini Windows ijipunguze yenyewe.

Usakinishaji wenyewe hauna la kusimulia. Unachagua iwekwe kando ya Windows, unaweka saa za Dar es Salaam, unaandika jina na nywila, unasubiri. Sasa ukiwasha, menyu ya GRUB inauliza unataka upi.

Jambo lililofuata linastahili aya yake, kwa sababu ukanda wetu wote wa Afrika Mashariki utalipata. Mke wangu aliwasha Windows saa nne usiku, akakuta saa ya kompyuta inasoma saa moja. Risiti zikaanza kutoka na muda wa uongo, na kwenye hesabu za duka muda wa uongo si jambo dogo. Chanzo ni kwamba Windows huihesabu saa ya kwenye bodi kuwa ni saa ya mahali ulipo, wakati Linux huihesabu kuwa ni saa ya UTC, yaani saa ya rejea ya dunia. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, basi Linux ikishairekebisha bodi kupitia intaneti, Windows inajikuta nyuma saa tatu kamili. Dawa ni amri moja kwenye terminali ya Linux, dirisha la kuandikia amri:

timedatectl set-local-rtc 1

Mfumo utakuonya kwamba hiyo si njia inayopendekezwa. Kwa nchi yetu isiyobadilisha saa kufuata majira, sioni hatari ya maana. Tangu hapo risiti ziko sawa.

Novemba: Word, fonti na flashi za watu

Huu ndio mwezi niliojifunza zaidi.

LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, inafungua nyaraka za Word, hilo halina ubishi. Lakini mtihani wa kurasa nne uligeuka kurasa tano, na swali la 9 likakatika katikati. Sababu kubwa ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft na haziji na Linux. Mahali pake huwekwa Carlito na Caladea, ambazo upana wa kila herufi umelinganishwa na zile makusudi, na Liberation Serif inasimama badala ya Times New Roman. Nilipohakikisha hizo zipo, mtihani ukarudi kurasa nne. Milinganyo nayo inafunguka, ila nafasi juu na chini ya vipeuo na sehemu husogea kidogo, na ukirudisha faili kwa mwenzako mwenye Word inasogea tena. Tumekubaliana idarani: rasimu zinazozunguka tuache mpangilio mpaka mwisho, na nakala ya kupeleka kwenye steshenari iwe PDF. Hata wenye Windows wamefurahia, maana steshenari ilikuwa ikituharibia mpangilio hata kabla.

LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, na kwa matangazo ya wazazi inanisaidia sana. Jambo hili lina mizizi hapa kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice kwa Kiswahili, na LibreOffice ilizaliwa kutoka OpenOffice mwaka 2010. Natamani vijana wa vyuo vyetu waiendeleze kazi ile.

Kuhusu flashi. Mwalimu yeyote anajua ile hali: mwanafunzi anakuletea flashi, unafungua, folda zote zimegeuka njia za mkato. Virusi ameyaficha mafaili halisi na kuweka chambo. Kwenye Mint nikichomeka flashi ileile, naona mafaili halisi na chambo vikiwa wazi pamoja, na chambo hakifanyi kitu kwa sababu kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Nafuta takataka, narudisha flashi ikiwa safi. Hata hivyo nisieleweke vibaya: Linux inaweza kubeba virusi hao kutoka flashi moja hadi nyingine usipovifuta, na mtu akikulaghai utoe nywila yako kwenye kivinjari, hakuna mfumo utakaokuokoa.

Bando nalo limepumua. Mint inakuonyesha orodha ya masasisho na ukubwa wa kila moja, ukibofya ndipo inapakua. Windows ina mpangilio wa kuiambia kwamba mtandao ni wa kupimwa kwa bando, na niliutumia, ila huku sihitaji kukumbuka kuuweka kila nikibadilisha simu ninayochukulia intaneti.

Michezo: binti amejaribu mmoja wa mpira unaotumia ulinzi dhidi ya udanganyifu unaoingia ndani kabisa ya mfumo, umekataa. Michezo ya aina hiyo ikiwa ndiyo sababu ya kompyuta kuwepo nyumbani, baki Windows.

Desemba: programu ya stoo

Nimeijaribu kwa Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux. Inafunguka, inaonyesha sura yake, kisha inadai SQL Server, kanzidata ya Microsoft, na kusimama hapo. Ningeweza kuendelea kuhangaika nayo wiki nzima, lakini hata ikikubali, nani atahakikisha haitagoma siku ya mauzo? Programu ya biashara ikae kwenye mfumo ilioandikiwa. Msimamo huu nimeufikia bila shida, na simwelewi mtu anayemlazimisha mwenzake mwenye duka ahamie Linux kwa ajili ya kanuni tu.

Kwa hiyo Windows 10 imebaki kwenye GB 100 zake, kwa kazi hiyo moja. Microsoft imefungua mpango wa kuongeza masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026: unalipa dola 30, au unatumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au unahifadhi mipangilio yako kwenye akaunti yao bila malipo. Tumechukua njia ya mwisho. Barua pepe, benki na mitandao ya kijamii vyote vimehamia Mint, na mke wangu mwenyewe ndiye aliyeomba kivinjari cha upande wa Windows kiondolewe kwenye upau wa chini asijisahau.

Januari 2026: ilipofika

Mashine ikiwaka tu bila kufungua kitu, Mint inakula RAM kama GB 1.2, Windows ilikuwa inapita GB 2. Kwa GB 8 tofauti inaonekana ukifungua kivinjari chenye kurasa nyingi. Timeshift inapiga picha ya mfumo kila wiki, na nimeshairudisha mara moja kwa majaribio, ikakubali. Umeme umekatika na betri ikaisha mashine ikiwa kazini. Ilipowashwa tena, ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, ilijikagua na kuendelea.

Kilichobaki ni stoo, kabla ya Oktoba. Programu inaruhusu kutoa orodha ya bidhaa na wateja kama CSV, faili la jedwali la maandishi matupu, na nimeanza kuipanga kwenye Calc ya LibreOffice nione kama vipimo vya wateja vinahama salama. Njia nyingine ni kuongeza RAM iwe GB 16, kwani nafasi ya pili iko wazi, kisha kuiendesha Windows ndani ya VirtualBox, kompyuta ya kuigiza inayokaa ndani ya Linux, ikiwa imekatiwa intaneti kabisa. Mke wangu ameniambia nisiguse chochote mpaka msimu wa sare za shule uishe, kwa hiyo hatua inayofuata ni katikati ya Februari.