Jinsi ninavyotunza sweta zetu hapa Kabale

Kabale, mji wa kusini-magharibi mwa Uganda, uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Ikifika Juni na Julai, asubuhi baridi inauma mpaka watoto wanakunja vidole ndani ya mikono ya sweta wakielekea shuleni. Mimi nimekulia Bombo, kule sweta ni ya mtoto mchanga au mtu mwenye homa. Nilipoolewa huku nikakuta watu wanaivaa kuanzia alfajiri mpaka jua lipande, na jioni wanairudia. Nguo inayovaliwa hivyo isipotunzwa haimalizi mwaka. Za kwetu zinatoka kwa mkubwa zinakwenda kwa mdogo wake, bado zina umbo lao la mwanzo, nami naona fahari kwa hilo.

Kwanza kabisa nataka kujua imefumwa kwa uzi gani. Sweta za mitumba za Owino, lile soko la Kampala, mara nyingi lebo imekatwa, na neno la muuzaji, "Dada, hii ni sufu tupu," silitilii maanani. Nikifika nyumbani navuta kipande cha uzi kutoka mshono wa ndani, nakishika kwa kibanio, nakiwasha juu ya sahani ya bati. Sufu inaungua polepole, inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika ukiyafikicha. Akriliki, uzi wa kiwandani unaoiga sufu, inayeyuka, na ikipoa inaacha kijidonge kigumu. Uzi ukifanya yote mawili ni mchanganyiko, nao nauosha kama sufu. Sweta nyingi za shule ni akriliki.

Sufu ni nywele za kondoo, na kila unywele una magamba madogo sana. Ukiutia kwenye maji ya moto huku unasugua, magamba yanashikana na hayaachani tena. Ndiyo maana sweta ya baba inaweza kutoka kwenye beseni ikamtosha mtoto wa darasa la pili, na hakuna dawa ya kuirudisha. Sabuni ya kipande inazidisha, kwa sababu ina ukali wa magadi unaovimbisha unywele. Mimi natumia shampuu kidogo. Inasafisha nywele zetu bila kuziharibu, na sufu nayo ni nywele.

Maji nayapasha yawe vuguvugu tu, chini ya nyuzi 30. Nikitumbukiza kiwiko nisisikie joto wala baridi. Ya kusuuzia yawe hivyo hivyo, maana kutoka vuguvugu kwenda baridi kali ghafla nako kunaikaza sufu. Naigeuza nje ndani, naizamisha, naikandamiza kwa viganja mpaka povu lipite, halafu naiacha itulie kidogo. Sisugui. Hata kola ya mtoto naipapasa tu.

Lakini kwa maoni yangu sweta nyingi zinafia kwenye kamba. Kitambaa cha kufumwa ni vitanzi vitupu vilivyoshikana, na sufu inakunywa maji mengi. Ukiinyanyua kwa kuishika mabega yake ikiwa inachuruzika, uzito wote unavuta vitanzi kwenda chini. Ukiianika kwa vibanio, kesho mikono inafika magotini. Naiokoa kutoka kwenye beseni kwa mikono miwili chini yake, kama mtoto mchanga. Siikamui kwa kuisokota. Naitandaza juu ya taulo kavu, nakunja taulo na sweta ndani yake kama mkeka, nalikandamiza kwa magoti. Maji yanahamia kwenye taulo. Taulo la pili likihitajika, sioni uvivu.

Kuanika chini kwenye majani, kama wengi wanavyofanya, mama alinikataza tangu Bombo. Yule nzi anayeleta funza wa ngozi hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zikiwa kivulini, na mayai huanguliwa ndani ya siku 1 hadi 3. Nguo nyingine unazipiga pasi ya moto na mayai yanakufa. Sweta huwezi kuitendea hivyo: akriliki ikipigwa pasi inalala bapa na mvutano wake unakwisha kabisa. Basi nimekaza chandarua kikuukuu juu ya fremu ya kitanda chakavu, nimeiweka verandani. Naitandaza sweta juu yake, narudisha mabega na mikono mahali pake kwa vidole, kisha nafunika kwa pazia jepesi. Hewa inapita juu na chini, nzi hapati pa kutua, na jua halichujui rangi. Ya sufu ikihitaji pasi, naweka kitambaa chenye maji katikati na nagusa tu, siburuti.

Kuosha kwenyewe nafanya kwa nadra. Sufu ikipigwa na hewa usiku mmoja harufu inaondoka, na fulana ya pamba ndani inazuia jasho.

Kabatini nazikunja; hanga inavuta mabega. Nondo mwenyewe hali nguo, wanaokula ni viwavi wake, nao wanapenda sufu yenye jasho au tone la mchuzi. Kwa hiyo haiingii kabatini kwa muda mrefu ikiwa chafu. Naifunga ndani ya mfuko wa plastiki, na mara kwa mara naitoa juani naikung'uta. Naftalini, vile vidonge vya kufukuza nondo, siweki chumba wanacholala watoto. Mvuke wake si salama kwao.

Uzi ukichomoka, usikate. Mimi nauvutia ndani kwa sindano ya kroshia. Tundu nalishona kabla ya kuosha, maana maji yanalipanua. Mikono ikichakaa nampelekea mama mkwe. Anakata safu moja juu ya sehemu iliyoliwa, anadaka vitanzi kwa sindano zake, anafuma kushuka kwa uzi aliofumua kwenye sweta iliyokwisha kabisa, na anaongeza vidole vitatu zaidi, kwa sababu yule mvulana wetu wa pili anarefuka haraka.