Mgahawa wa kulipia melini: nilipoliwa na niliporidhika

Wiki iliyopita nilishuka Miami baada ya siku saba baharini kwenye meli ya kitalii, tumbo limejaa, pochi imekonda. Kwa mnaoniuliza inboksi kama migahawa ya kulipia ndani ya meli ina maana: inategemea unaagiza nini.

Tiketi yako tayari ina chakula. Ukumbi mkubwa wa kulia na bufee hulipii. Kwa hiyo mimi najiuliza kitu kimoja tu: hiki ninachotaka kulipia, kule bure hawakipiki? Kwenye mgahawa wa Kiitaliano tulitoa dola 45 kila mtu, nikaletewa tambi zilezile za jana yake ukumbini, ila kwa sahani kubwa na mshumaa. Nilicheka peke yangu.

Steki ya mgahawa wa kulipia ndiyo iliyonimaliza kwa utamu. Kipande kinene kama ngumi, nje kimekauka rangi ya kahawia, ndani bado kinatoa maji yake, kisu kinapita kama kwenye parachichi. Ukumbini wanapikia mamia ya watu kwa mpigo, nani atasimama kuangalia steki yako? Na tulienda mchana, siku ambayo meli haikutia nanga popote, bei ikawa karibu nusu ya ile ya usiku.

Sushi, vile vipande vya wali na samaki vya Kijapani, ya kulipia kila kipande sikuigusa. Mume wangu aliigusa. Bili ilipokuja na asilimia 18 ya huduma juu yake, akanitazama kama mimi ndiye mpishi.

Halafu wekeni nafasi siku ileile mnayopanda. Meza za saa moja jioni zinaisha upesi, sisi tuliambulia saa tatu na nusu.