Nyongeza ya mshahara ilifika kwa Mangi kwanza

Agosti 2025 nilikuwa Tandika, likizo yangu ya kwanza tangu nihamie Liverpool. Dada yangu naye ni muuguzi, hospitali ya serikali hapahapa Dar. Jioni akanituma kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, nikachukue mafuta ya kula ya kupima. Mangi akajaza kikombe, akasubiri tone la mwisho lidondoke, ndipo akaniuliza: "Dada yako si wameongezewa asilimia thelathini na tano? Mwambie daftari la madeni linamsubiri."

Mei Mosi mwaka huohuo, kule Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Kima cha chini! Dada ana miaka kumi na minane kazini, hicho alishakipita zamani. Ilikuwa hivyohivyo 2022 kima hicho kilipopanda kwa asilimia 23.3: watu walipigia hesabu mshahara mzima, Julai ilipofika wakabaki kuchungulia ujumbe wa benki mara mbilimbili. Ila Mangi yeye anasikia asilimia tu. Mwenye nyumba naye kasikia, kapandisha kodi kutoka 120,000 hadi 150,000 kwa mwezi, na anataka ya miezi sita kwa mpigo.

Usiku tulikaa kibarazani, feni tumezima maana luku ilibaki uniti nne. "Haya mdogo wangu, na mshahara wako tuuone," akasema dada.

Nikafungua simu. Akazidisha, pauni moja zaidi ya shilingi elfu tatu, akaguna. "Kumbe wewe mbunge!" Nikaanza kumtajia: kodi ya serikali, pensheni, pango, gesi, nauli, hata malezi ya mtoto nikiwa zamu. Akawa anatoa moja moja. Kilichobaki akakikodolea macho, akaniuliza kama amesahau sifuri.

Nyongeza yangu mwaka huo ilikuwa asilimia 3.6, iliingia Agosti pamoja na malimbikizo ya tangu Aprili. Bei za Uingereza kufikia Julai zilikuwa zimepanda kwa 3.8. Nafuu, maana Oktoba 2022 mfumuko ulifika 11.1, na Desemba wauguzi wakagoma. Mimi nilikuwa na miezi minne kazini na viza ya kazi mkononi. Nilipita langoni nimeinamisha kichwa, wenzangu wanapuliza filimbi kwenye baridi. Asilimia tano iliyopatikana 2023 nami niliila. Hilo sijawahi kumwambia mtu, usiku ule nikamwambia dada. Akasonya kidogo, akanimiminia chai.

Kesho yake nikapita kwa Mangi nikalipa deni lote, nikidhani namfurahisha. Dada alinuna mpaka adhuhuri.

"Sasa si ndiyo ataamini nimeongezewa kweli?"